Salamu za Masunga kwenye Laini ya Mbeya

Mwaka 1975 waliomjua Evarista kwa sura pale Iringa mjini walikuwa wachache, lakini waliomjua kwa sauti hawakuwa na idadi. Ukiwa na simu, au ukiwa na jirani mwenye simu na moyo mwema, ulizungusha kile kishikio cha pembeni, ukaweka chombo sikioni, na kabla hujajikohoza ukasikia: "Iringa hapa, kamwene." Kanuni haikusema asalimie, tena kwa Kihehe. Kanuni ilisema opareta aulize namba, aunganishe, anyamaze. Lakini Evarista alizaliwa Kalenga, akalelewa na mama aitwaye Matilda, na kwa Matilda mtoto aliyetumwa kuomba chumvi kwa jirani alirudishwa mlangoni mara mbili atoe salamu zote kwanza, kuanzia babu hadi mbuzi. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kumuuliza mwenzake namba kabla hajajua ameamkaje.

Sokoni alikuwa na shida yake. Alikuwa akifungua mdomo tu kuulizia vitunguu, mtu nyuma yake anageuka. "We dada! Si wewe yule wa kwenye simu?" Basi hapo ni kushikana mikono, ni kuulizana, ni kusimuliwa ugonjwa wa shangazi ambaye simu yake ya mwaka juzi ilipita mikononi mwake. Evarista alikuwa akirudi nyumbani na kapu zito kuliko alivyokusudia, kwa sababu kila mtu alitaka kumwongezea kitu. Aliipenda kazi yake kiasi cha kuona aibu kuikiri. Siku za mapumziko aliota akichomeka plagi.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, na swichibodi ilichukua ukuta mzima. Kila simu ilikuwa na tundu lake na kifuniko chake kidogo cha chuma. Mtu akipiga, kifuniko kinadondoka, tak, naye Evarista anachomeka waya na kusikiliza. Laini za kwenda Mbeya zilikuwa mbili. Nasema mbili kwa heshima tu, kwa maana moja ilikuwa mgonjwa wa kudumu, mvua ikitishia tu inakaa kimya. Kwa hiyo siku nyingi wote wenye haja na Mbeya walipanga foleni kwenye waya mmoja, dakika tatu tatu, na Evarista ndiye aliyeshika foleni.

Ukutani palibandikwa karatasi iliyopigwa chapa. Simu ya hatari kwanza: ugonjwa, ajali, moto. Ya pili, kazi za umma. Ya tatu, wengine wote. Ikiingia simu ya hatari na laini ina watu, opareta aliruhusiwa kuingia katikati ya mazungumzo yao, awe ni nani, aseme, "Samahani, nakata, kuna hatari," na kukata. Hakuna aliyeruhusiwa kukasirika, ingawa wote walikasirika.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya nyanya. Saulo, mfanyabiashara wa Ilula anayewauzia wasafiri wa barabarani, alipiga siku moja akipaza sauti mpaka hedfoni ikalia: "Hatari! Mama, hatari! Zinakufa! Zinakufa zote!" Evarista hakungoja. Alimkata mwalimu mkuu aliyekuwa akisomewa majina ya wanafunzi wake wapya, jina la arobaini na mbili kati ya tisini, akampa Saulo laini. Kumbe lori lilikuwa limeharibika upande wa Mbeya, na zilizokuwa zinakufa ni nyanya. Alipobanwa, Saulo hakuona kosa. "Nyanya zile nimezilea mwenyewe," alisema. "Mnataka niseme zinasinzia?"

Mwalimu mkuu alilalamika. Mzee Sedekia, msimamizi wa chumba cha simu, mtu mwenye haki na miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwandikia Evarista barua ya onyo. Akikosea tena kukata, atahamishiwa chumba cha nyuma kupiga mihuri kwenye barua. Tena kuanzia siku ile hakuna salamu. Kila mpigaji aulizwe jambo moja tu: hatari au kawaida? Mimi simlaumu. Ningekuwa na mwalimu mkuu mezani kwangu anayetaka kuanza upya na jina la kwanza, ningeandika hivyohivyo.

Lakini Evarista alilia. Chumba cha nyuma hakikuwa na sauti hata moja, ila ile ya muhuri. Alijiapiza kwamba hedfoni ile haitavuliwa kichwani mwake kwa uzembe, akaanza kuuliza kama karani wa mizani: hatari au kawaida? Watu wakajibu, wakaunganishwa, na hakuna tena aliyemwambia habari za shangazi.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, saa tisa mchana, mvua ilikuwa imefunga tangu Mufindi hadi Usangu. Laini moja ya Mbeya ilikwisha lala. Ile nzima alikuwa nayo Ndugu Yotamu, meneja wa ghala moja la mbolea pale mjini, aliyeomba dakika kumi na tano mfululizo kwa kazi za umma. Nyuma yake walikuwa wakingoja watu watatu. Kikadondoka kifuniko cha uwanda wa Usangu.

Huko kulikuwa na simu moja tu, kwenye stoo ya ushirika wa kijiji, na waya wake ulikuja Iringa. Kwa nini uje Iringa wakati Mbeya ndiyo jirani, waulizwe waliochimba mashimo ya nguzo. Mtu wa Usangu akitaka kuzungumza na hospitali ya misheni iliyo mwendo wa saa moja kwa gari kutoka alipo, ilibidi sauti yake ije Iringa kwanza, iende Mbeya, ndipo irudi kwa jirani yake.

"Hatari au kawaida?" aliuliza Evarista.

"Mwadila, mayu," ilisema sauti ya mwanamume, taratibu, Kiswahili chake kikiwa na Kisukuma ndani yake. "Habari za mchana?"

"Nzuri. Hatari au kawaida, baba?"

"Aa, kawaida tu, mama. Nilikuwa naomba hospitali ya misheni."

"Subiri, wewe ni wa nne. Jina?"

"Masunga. Haya, mama. Asante."

Akamwacha. Jina aliliandika kwenye tiketi: Masunga, kawaida. Zikapita dakika kumi, na hizo dakika kumi alikuja kuzihesabu mara nyingi baadaye. Hatimaye, kwa kuona haya tu, akarudi kwenye waya wa Usangu kumwambia yule baba mpole kwamba foleni haijasogea.

"Baba Masunga, bado."

"Haina neno. Mmeshindaje huko?"

Wallahi, kanuni ilikuwa ukutani mbele ya macho yake. Lakini sauti ya mtu mzima ilikuwa imemwamkia mara mbili, na mara mbili hakuitika sawasawa, na Matilda hakumlea hivyo. Akapunguza sauti ili Mzee Sedekia asisikie. "Tumeshinda salama, baba. Ninyi je?"

"Sisi salama. Wazazi wako hawajambo?"

"Hawajambo. Na hapo nyumbani kwako?"

"Wazima. Ng'ombe nao wazima, nyasi zipo. Ila Mbuke."

Evarista alilijua lile "ila". Alikuwa na miaka tisa siku mjomba wake alipofika Kalenga asubuhi, akaketi, akanywa togwa kikombe kizima, akajibu kwamba kote ni wazima, mahindi yamestawi, paa limeezekwa, "ila bibi tu." Na bibi alikuwa amekwisha zikwa. Kwao habari nzito haitupwi mlangoni. Inakaa mwisho wa salamu, nyuma ya lile neno, na asiyesalimia hadi mwisho haipati.

"Mbuke ni nani, baba?"

"Mke wangu. Yuko kwenye uchungu tangu jana alfajiri. Mkunga wetu amechoka, amesema gari la misheni lije. Nimekuja na baiskeli." Sauti ilikuwa ileile, haikupanda hata kidogo. "Na mvua huko kwenu inanyesha?"

"Baba, nakukata! Salamu tutazimalizia siku nyingine!"

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye plagi ya Ndugu Yotamu, na hapo ndipo barua ya onyo ilipomjia. Tiketi mbele yake ilisema kawaida, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mpigaji hakutamka hatari. Kama kuna mtu alitengenezewa shimo akalichimba zaidi kwa mkono wake, alikuwa ni yeye. Aliogopa kwelikweli, na kwa kuwa aliogopa akafanya haraka. Akaingia kwenye laini.

"... kwaya ya Mbalizi ikivaa njano," Ndugu Yotamu alikuwa akisema, "itagombana na gauni la bibi harusi. Waambie kijani! Kijani cha—"

"Samahani, waheshimiwa, nakata, kuna hatari."

"Nani huyo? Mimi niko kwenye kazi za u—"

Akakata. Mbeya akaitika Edmund, opareta wa huko, ambaye Evarista alikuwa hajawahi kumwona lakini aliweza kumtambua kwa namna anavyovuta pumzi. Edmund hakuuliza swali. Misheni ikapokea, mwanamke mmoja akasikiliza mara moja tu na kusema, "Gari linatoka." Evarista akarudi kwenye waya wa Usangu kumpa Masunga habari. Waya ulikuwa umekufa. Mvua ilikuwa imeangusha nguzo.

Siku ya pili Ndugu Yotamu alileta barua yake ya malalamiko, kurasa mbili. Siku ya tatu Edmund, bila kuombwa, aliwauliza watu wa misheni, na aliyepokea alikuwa mlinzi. Alichojua mlinzi ni kimoja: gari lilikwenda, gari likarudi, na nyuma halikuwa na mtu. Evarista alivua hedfoni, akatoka nje, akasimama penye bomba la maji mpaka alipoitwa. Siku saba alikula kwa kulazimishwa. Usiniambie ni kazi tu. Mbuke hakumjua, sura hakuiona, lakini zile dakika kumi za kawaida zilikuwa zake.

Siku ya kumi Mzee Sedekia aliita kikao. Mezani palikuwa na barua ya onyo, barua ya malalamiko, na tiketi mbili, ya Masunga na ya Ndugu Yotamu. Ndugu Yotamu aliketi kwa kujaa, suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni.

"Evarista," alianza Mzee Sedekia, "mpigaji alisema ni hatari?"

"Hapana, mzee."

"Alisema nini?"

"Alisema kawaida."

Ndugu Yotamu alipiga makofi mara moja. "Umesikia! Kawaida! Na mimi niko kwenye kazi za umma!"

"Sasa kwa nini ulikata, binti yangu?"

"Kwa sababu alisema 'ila', mzee."

Wazee wale wawili walitazamana. Mzee Sedekia alivua miwani na kuivaa tena. "Na baada ya hapo? Mgonjwa alifika hospitali?"

"Gari lilirudi tupu," alisema Evarista, na sauti ile iliyojulikana mkoa mzima ikamkatikia. Angeweza kusema habari ya njano na kijani, na mambo yangeisha palepale. Lakini alikuwa ameapa siku ya kwanza kazini kwamba yanayosikika kwenye waya yanabaki kwenye waya. Akatazama sakafu. Mzee Sedekia akashika kalamu, kwa huzuni ya wazi, kwa maana hakuwa na opareta mwingine wa namna hiyo.

Mlango ukagongwa. Mlinzi aliingiza kichwa. "Kuna mzee hapa wa kutoka Usangu. Anamtafuta mama wa kwenye waya. Nimemwambia asubiri, anasema amekwisha subiri."

Aliingia mwanamume mrefu, mgolole begani, makatambuga miguuni yenye tope la mikoa miwili, mkononi kibuyu cha samli. Alitazama watu watatu mle ndani, asijue amtolee nani neno.

"Karibu, baba," alisema Evarista.

Uso ukafunguka. "Ndiye huyu! Mayu, wewe ulinikata."

"Hata yeye alimkata!" Ndugu Yotamu alimgeukia Mzee Sedekia. "Andika hilo!"

"Tulikuwa tumefika kwenye mvua," Masunga aliendelea, akiketi bila haraka na kuweka kibuyu katikati ya miguu. "Nilikuuliza inanyesha huko, hukujibu. Ulisema tutamalizia siku nyingine. Nikaona si vizuri kukaa na salamu za mtu. Basi, mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha, baba. Na kwenu?"

Mzee Sedekia aliinua kidole akitaka kusema kikao kinaendelea, kisha kidole kikashuka chenyewe. Nani anayekatisha salamu za mgeni aliyesafiri siku mbili? Masunga aliuliza mahindi. Akauliza viazi. Akauliza mama yake Evarista, Kalenga, na barabara ya Kalenga. Evarista aliitika yote, na kila alipofika zamu yake ya kuuliza aliuliza ng'ombe, aliuliza majirani, aliuliza hata ile baiskeli, kwa sababu kulikuwa na jina moja asiloweza kulitamka. Masunga akamgeukia Mzee Sedekia, akamsalimia kwa kuinama, akamuuliza miguu na watoto. Kisha akafika kwa Ndugu Yotamu.

"Na kwako, baba? Nyumbani wazima?"

"Wazima," alijibu Ndugu Yotamu, maana hata meneja ana mama aliyemlea. "Wote wazima, tunashukuru. Ila harusi tu ya binti yetu inatuumiza kichwa. Ile siku tumekatwa tuko kwenye nguo za kwaya, mpaka leo hawajui wavae rangi—"

Mzee Sedekia aligeuza tiketi ya Ndugu Yotamu taratibu, akasoma kwa sauti, "Kazi za umma," akaiweka chini. Ndugu Yotamu alikohoa, akanyoosha mkono mezani, akachukua kurasa zake mbili, akazikunja mara nne na kuzitia mfukoni nyuma ya kalamu.

"Baba," Mzee Sedekia alimwambia Masunga, kwa upole sasa, "kwa nini hukusema ni hatari? Uliulizwa."

Masunga alishangaa. "Ningemwambiaje mtu shida yangu kabla sijajua kwake kukoje? Huenda na yeye kafiwa."

Basi likabaki lile moja. Evarista alikamata ukingo wa meza. "Na Mbuke, baba?"

"Mzima," alisema Masunga.

Evarista alingoja. Alimjua mtu huyu sasa, alijua habari inakaa wapi.

"Ila," Masunga alisema, na midomo ikaanza kumcheza, "lile gari lilikuja na muuguzi. Alikunja mikono ya nguo, akazalisha hapohapo nyumbani, hakuona haja ya kumbeba mtu yeyote. Ila walikuwa wawili, mayu. Kulwa na Doto. Ndio maana walikuwa wanagombania njia."

Evarista alicheka, machozi yakamtoka, akashindwa kuchagua moja. Ndugu Yotamu alikuwa amesimama anamtikisa Masunga mkono, akimwambia aje harusini, aje na wote wanne, kwaya itavaa rangi yoyote ile. Mzee Sedekia alichana barua ya onyo vipande viwili, akavitazama, akavichana tena vikawa vinne. "Rudi kazini," alisema. "Na watu wasalimiwe. Kwa ufupi, lakini wasalimiwe mpaka mwisho."

Ndani ya chumba cha simu vifuniko vitatu vilidondoka kwa pamoja, tak tak tak. Evarista alifuta macho kwa kiganja na kumtazama mgeni wake.

Masunga alimsogezea kibuyu cha samli. "Haya, mayu," alisema. "Nimemaliza. Sasa unaweza kunikata."